Sahani ya Dada Zita

"Usiguse! Hiyo sahani si ya watu!"

Mgahawa mzima wa Mama Raudha ukapasuka kwa kicheko. Kwenye runinga iliyowekwa juu ya friji la soda, dada mmoja mwenye kilemba alikuwa akimnyang'anya mdogo wake sahani ya bati ya bluu. Akaifuta kwa kanga, akaenda kuitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni.

Evaline alikuwa ameshaanza kucheka na wenzake. Kicheko kikamfia mdomoni.

Kila Alhamisi saa kumi na mbili jioni, nusu ya Katesh ilijazana pale kuangalia "Ndugu Paa Moja". Ni vichekesho vya kaka mmoja na dada zake wawili, watu wazima waliogoma kuhama kwenye nyumba ya marehemu baba yao, wakigombania chumvi na zamu ya kufagia. Evaline, fundi cherehani wa miaka ishirini na minane, aliipenda kwa sababu kwao Jorodom, tangu wazazi wafariki, waliishi hivyohivyo: Kaka Agustino, Dada Zita, na yeye kitindamimba. Lakini kumwona wa kufanana na ndugu yako ni jambo moja. Kuiona sahani ya jikoni kwenu, na msumari wake, ni jambo lingine kabisa.

"Jamani, mtu mzima ana sahani yake peke yake kama mgonjwa!" Mama Raudha alisema huku akimimina chai. "Hawa watunzi wanayatoa wapi haya?"

"Sijui," Evaline alijibu.

Ni mtu mmoja tu ambaye yeye alikuwa amewahi kumsimulia habari ya sahani ile. Akatoka nje, akampigia Theodory.

Theodory alikuwa mchumba wake, kijana wa Dongobesh mwenye maneno matamu na masikio matamu zaidi. Hakuna mwanaume aliyejua kusikiliza kama yeye. Alikuwa Arusha mwaka wa tatu, akichapa makaratasi ya watu kwenye stationery, na wazee wake walitarajiwa kuleta posa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Evaline alishaanza hata kujishonea gauni.

"Theo, umeangalia Ndugu Paa Moja?"

"Mimi hata tivii sina, mpenzi. Kuna nini?"

"Wameonyesha sahani ya Dada Zita."

Theodory akacheka. "Tanzania hii nani hana sahani ya bluu?"

"Ya kutundika nyuma ya mlango?"

"Eva, unaniogopesha sasa. Kalale, mke wangu. Nakupenda."

Na moyo unaopenda hauhitaji ushahidi mwingi, ukishaitwa mke wangu unatulia.

Nyumbani alimkuta Zita anachambua maharage. Zita alikuwa na miaka arobaini na mitano, mpole, hajaolewa. Tangu Evaline apate akili hakuwahi kumwona dada yake akila chombo kimoja na wengine, wala akigusa kibuyu cha maziwa. Alipokuwa mdogo aliuliza, mama akamwambia, "Dada yako ana nadhiri." Yakaisha.

"Dada, leo kwenye tivii kuna mtu ana sahani kama yako. Hadi msumari wake."

Mikono ya Zita ikasimama juu ya ungo.

"Hadi msumari?"

"Ndiyo, dada."

"Basi kuna mtu anatuchungulia," Zita alisema taratibu, akainuka kwenda kufunga dirisha.

Agustino, kaka yao mkubwa, aliyasikia yote kutoka sebuleni. "Kikulacho ki nguoni mwako. Eva, umemwambia nani mambo ya humu ndani?"

"Sijamwambia mtu, kaka."

Uongo ule ulimsumbua siku tatu nzima. Siku ya nne akaamua kutega mtego, huku akimwomba Mungu usinase kitu. Akamwandikia Theodory ujumbe:

"Nina siri, usicheke. Kaka Agustino anaficha sukari kwenye gambuti chini ya kitanda. Jana panya kaingia humo."

Jibu lilikuja upesi: "Hahaha! Nyie ni kiboko. Nakupenda mno."

Alhamisi ya kwanza ikapita bila kitu. Evaline akapumua, akarudi kwenye gauni lake. Alhamisi ya pili, siku tisa kabla ya posa, yule kaka wa kwenye runinga akaingiza mkono kwenye gambuti kuchota sukari. Akautoa una panya.

Watu walicheka mpaka wengine wakamwaga chai. Evaline akashika meza ili ainuke. Kabla hajainuka, kwenye kioo akaingia jirani mbeya, akamkazia macho yule mdogo wa mwisho.

"Wewe mama yako si alikuzaa ana miaka hamsini? Na huyu dada yako haruhusiwi kugusa vyombo? Mwanangu, hesabu yenu hiyo mmeipigaje?"

Kicheko kingine. Kisha maandishi makubwa mekundu: ALHAMISI IJAYO: NANI MAMA WA KITINDAMIMBA?

Evaline alitoka nje, akampigia Theodory.

"Theodory, kaka yangu hajawahi kumiliki gambuti."

"Unasema nini, mpenzi?"

"Nilikutungia wewe tu. Leo nimeiona kwa Mama Raudha."

"Eva, nisikilize. Nilikuwa nawachapia watunzi wa kipindi maandishi yao. Siku moja nikawasimulia vituko vyenu, wakacheka, wakasema andika wewe. Sasa mimi ndiye naandika. Niliogopa nikikuambia utaacha kunisimulia."

"Kwa hiyo simu zote zile, 'niambie zaidi mpenzi', ulikuwa kazini?"

"Nakupenda! Na wazee wanakuja, vitenge vimeshanunuliwa..."

"Nani mama wa kitindamimba?"

"Hiyo ni hadithi tu."

"Hadithi zako zote nimekupa mimi. Hiyo sikukupa. Umeitoa wapi?"

Theodory alivuta pumzi. Alipojibu sauti ilikuwa imeshuka.

"Uliniambia mama alikuzaa na miaka hamsini. Uliniambia mlihama Bashay ukiwa kichanga. Uliniambia dada yako ametengewa vyombo tangu hujapata akili. Eva, mimi ni Mmbulu kama wewe. Bibi yangu alinisimulia msichana alikuwa anatengewa sahani kwa kosa gani. Nilidhani unajua. Nilidhani unaogopa tu kusema."

Evaline aliegemea ukuta wa mgahawa. Ndani watu walikuwa bado wanacheka gambuti.

"Ifute," alisema.

"Imeshapigwa picha. Iko kituoni."

Alikata simu. Njia nzima alijiambia kwamba Theodory ni mwongo, mwongo hata kwenye hili. Lakini alipofika jikoni na Zita akamtazama usoni mara moja tu, Zita akaweka mwiko chini.

"Nani amekuambia?"

"Ni kweli, dada?"

"Kaa."

"Sitaki kukaa! Ni kweli?"

"Nilikuwa na miaka kumi na saba," Zita alisema. "Baba alipojua, akanitoa nyumbani. Wazee waliita metimani. Msichana aliyebeba mimba bila mume hagusi vyombo vya watu wala maziwa, ng'ombe watakufa. Nikakaa kibandani ng'ambo ya korongo na sahani moja. Ulipozaliwa mama akakuchukua, akasema wewe ni wake. Tukahamia huku ambako hakuna aliyetujua."

"Lakini metimani ina mwisho! Hata mimi nimesikia ina mwisho."

"Ina mwisho. Baba anakaa na wazee, anataja kosa mbele yao, anasema amekurudisha. Baba angelitaja, siri yako ingetoka. Akanyamaza. Nikamsubiri, akafa. Nikazoea."

"Miaka ishirini na minane! Na mimi nikikuita dada!"

"Ungeniita nani? Mama alikuwepo."

Evaline alilia kwa hasira, kwa huruma, na kwa aibu, maana mdomo uliomwanika Zita hadharani ulikuwa wake mwenyewe. Akamwambia yote: Theodory, simu, gambuti, na Alhamisi ijayo. Zita hakumkemea. Ingekuwa afadhali angemkemea.

Agustino alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mimi nilijua," alisema. "Baba alipokufa neno lile lilikuwa juu yangu, mimi mkubwa. Nikaona haya. Zita, kesho naenda Bashay kutafuta wazee."

"Wazee gani, kaka? Wamekwisha wote." Zita alijifuta mikono. "Alhamisi Katesh nzima itakuwa kwa Mama Raudha. Hao ndio wazee nilio nao."

Wiki ile ilikuwa ndefu. Evaline alishona nguo za watu, akakosea mishono. Zita alifagia uwanja mara mbili kwa siku. Alhamisi mchana ujumbe ukaingia: "Nimejaribu, wamekataa kuiondoa. Nisamehe. Wazee waje Jumamosi?"

Evaline aliandika neno moja. "Wasije."

Saa kumi na mbili kasoro dakika chache, Zita aliingia mgahawani kwa mara ya kwanza maishani mwake, Agustino mbele, Evaline nyuma. Watu wakasogea.

"Shikamooni wakubwa," Agustino alisema. "Mama Raudha, naomba uzime sauti kidogo."

"Marahaba. Kuna msiba?"

"Hapana. Mimi ni mtoto wa kwanza wa marehemu Tluway. Baba alimtoa dada yangu nyumbani kwa kuzaa bila mume, akafa hajamrudisha. Mimi nilijua, nikanyamaza, na kosa hilo ni langu. Leo mbele yenu namrudisha Zita nyumbani. Hana kosa kwa mtu."

Zita alimshika Evaline mkono, akamvuta mbele.

"Mnaowacheka humo ndani ya tivii ni sisi," alisema. "Mtoto niliyemzaa ni huyu. Nimesema mwenyewe, ili asiwaambie mtu mwingine. Mama Raudha, rudisha sauti."

Mama Raudha alirudisha. Kipindi kikaenda mpaka kwenye siri yenyewe, ngoma zikapigwa, dada wa kilemba akajitupa chini akigaragara na kupiga yowe. Mgahawa ulikuwa umejaa hadi barazani, na hakuna aliyecheka.

Zita alimtazama yule mwigizaji kwa makini.

"Mimi sikulia hivyo," alisema.

Evaline akasogeza benchi karibu naye.

"Ulilia vipi, mama?"

Na Zita akaanza kumsimulia.