Usimpe Mkono Anayezama

Kijitabu kilikuwa kimelowa chapachapa, na nyumba nzima ilikuwa kavu. Mwanne alikitungua kwenye msumari wake ukutani, maji yakamchuruzika hadi kiwikoni. Akanusa. Kilinuka tope la mtoni.

Jina la kijitabu hicho lilikuwa kichekesho cha kivuko kizima: Usimpe Mkono Anayezama. Wataalamu waliokuja na maboya kutoka Nachingwea waliwagawia wavushaji wa Mto Mbwemkuru, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Uungwana gani huo? Ila ndani mlikuwa na maneno ya maana: abiria akae chini, asisimame mtumbwini; anayezama atakung'ang'ania mfe wote, basi mtupie kamba, na wewe ulale kifudifudi. Twaha, mume wa Mwanne, ndiye pekee aliyekisoma mpaka mwisho. Akamsomea na mkewe, akamfundisha na kufunga fundo.

Halafu siku moja Abdalah, abiria wa Twaha, akasimama mtumbwini kuwahi tenga lake la kuku, maji yakamzoa. Twaha alimnyooshea kafi. "Mkono, kaka! Nipe mkono!" Abdalah alilia. Twaha hakutoa. Kafi likateleza, mto ukammeza mtu, na mwili haukuonekana. Kwenye matanga Twaha alikwenda kumpa pole Bi Hajra, mama wa marehemu. Yule mama akaficha viganja vyake ndani ya khanga.

"Mkono uliomnyima mwanangu usinipe mimi."

Watu wazima walitazama chini, hakuna aliyemtetea. Tangu hapo Twaha hakula akashiba. Mtoto wao, Asmaa, walimpeleka kwa bibi yake, kijijini Nandagala, asimwone baba yake alivyo. Alichotaka Twaha duniani ni mtu wa ukoo ule ampe mkono, yaishe. Alichotaka Mwanne ni mumewe arudi kuwa mumewe.

"Baba Asmaa," aliita kwa sauti ya chini, kijitabu bado mkononi. "Nani kaingia humu ndani?"

Twaha alikuwa amesimama mlangoni, jua la alasiri likimpiga usoni, akimkodolea macho mtu aliyeingia uani bila hodi. Mbuzi walikuwa wakijinyonga kwa kamba zao wakitaka kukimbia. Mgeni huyo alikuwa Abdalah. Maji yalimtoka puani na masikioni bila kukoma, na kila alipokanyaga pakawa tope.

"Kaka Twaha," alisema kwa upole. "Sina kinyongo. Nipe mkono tuyamalize."

"Usitoe!" Mwanne alinong'ona. "Huyo si mtu. Soma Ayatul Kursi, mume wangu, usitoe!"

Lakini Twaha alikuwa akilia kwa furaha. Akatoa mikono yote miwili, kwa heshima, kama anavyopewa mkubwa.

Vidole vya Twaha vilivunjika kama kuni za mbaazi. Mwanne alivisikia vikikatika, mkono huu na huu, mifupa ikatoboa ngozi na damu ikaruka ukutani, na kabla ukelele wa Twaha haujaisha kile kitu kilikuwa kimegeuka kinamburura, kinampitisha katikati ya shamba la ufuta, uso wake ukigonga visiki, na Mwanne nyuma yao na kamba ya mtumbwi aliyoikwapua ukutani ikiwa begani, akisoma aya aliyoijua tangu utotoni na ambayo sasa ilimkatikia njiani kila alipoona damu mpya kwenye majani, akianza tena, akikosea tena, mpaka ufuta ukaisha na mto ukatokea.

Ndani ya maji walikuwa wawili. Abdalah hakuwapo. Walikuwa Twaha wawili, uso mmoja, kovu lilelile la kipajini, wote wakitapatapa.

Mwanne alifanya alivyofundishwa. Alifunga kamba kwenye mti, akalala kifudifudi, akaitupa katikati yao. Mmoja aliidaka na kunyamaza. Wa pili hakuigusa.

"Mkono!" alilia. "Mama Asmaa, nipe mkono!"

Si maneno yaleyale ya pale uani? Sasa Mwanne alikwisha kumjua shetani ni yupi.

"Hunipati, mshenzi wee!"

Alivuta kamba mpaka ngozi ya viganja ikambanduka. Yule wa pili alisukumwa na maji hadi ukingoni, mikono imefunikwa tope mpaka viwikoni, akajitupa kifua juu ya udongo, mdomo unafunguka kutaka kusema. Mwanne akampiga teke la kisigino mdomoni. Akampiga tena, na tena, kwa hasira yote ya siku zile, mpaka meno yakalegea na kile kichwa kikarudi majini.

"Kamba siwezi," kichwa kilisema kwa shida, damu ikibubujika. "Mke wangu, siwezi kushika..."

Mto ukakifunika.

Aliyeshika kamba alipanda ukingoni akikohoa. Mwanne alimkumbatia, akacheka, akalia, akamshukuru Mungu kwa sauti.

"Umefanya vizuri," mumewe alisema. "Sawasawa na kijitabu."

Hapo ndipo Mwanne alipoitazama mikono ya mumewe, bado imeizunguka kamba. Vidole vilikuwa vimenyooka vyote, vizima, havina hata mkwaruzo.

Alipiga ukelele akageukia mto, akaingia mpaka magotini, akapapasa maji kama kipofu huku akiita jina la mumewe. Maji yalikuwa mekundu kidogo pale ukingoni, kisha yakawa ya kawaida.

Nyuma yake matone yalidondoka, yakisogea.

"Nipe mkono, Mama Asmaa," sauti ya Twaha ilisema kwa upole. "Twende Nandagala tukamchukue mtoto."