Upawa wa Shangazi Rojza

Mwaka 1942, katika geto letu la Lodz, mtaa wa Wayahudi uliozungushiwa uzio, hakuna aliyetaka kutangulia kwenye foleni ya supu. "Tangulia, mama, wewe ni mkubwa wangu," mmoja angesema. Mwenzake angejibu, "La, la, heshima ni yako!" Adabu hiyo ilikuwa uongo mtupu. Sote tulijua kwamba juu ya pipa kulikuwa na maji, na viazi vilikuwa chini.

Mimi sikuihitaji adabu hiyo. Aliyeshika upawa alikuwa Shangazi Rojza, dada wa marehemu baba yangu. Kila aliponiona, alizamisha upawa mpaka chini, akanimiminia viazi vitatu au vinne, kisha akapaza sauti, "Haya, mwingine!" kana kwamba hanijui.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Kutwa kiwandani nilishona vifungo vya makoti ya askari wa Kijerumani, wale wale waliotufungia ndani ya uzio kwa kuwa sisi ni Wayahudi. Kando yangu alikaa Frymet, aliyenizidi mwaka mmoja. Alikuwa mcheshi, lakini hakuwa na ndugu jikoni.

"Hinda, leo umepata nini?" aliniuliza.

"Maji tu, kama wewe," nilijibu, nikiliinamia bakuli ili asione.

"Basi wewe maji yanakupenda. Tazama mashavu hayo!"

Tulicheka sote wawili. Nilijichukia, lakini nilikula.

Wiki ile miguu ya Frymet ilianza kuvimba. Jumanne alianguka kutoka kwenye kiti chake. Msimamizi wetu, Bwana Zylber, mtu mwema ila mwoga, alimwinua akamnong'oneza, "Binti, Ijumaa wanakuja wakaguzi. Asiyeweza kusimama anafutwa kwenye orodha ya wafanyakazi. Mimi sina la kufanya." Waliofutwa walipakiwa kwenye treni, na hatukuwa tumeona hata mmoja akirudi.

Mchana ule nilimsogezea Frymet bakuli langu. Alikoroga kwa kijiko, akaviona viazi.

"Kila siku?" aliuliza.

"Kila siku."

Hakunitukana. Angenitukana, ningepata nafuu. Alikula polepole huku machozi yakimtoka, nami niliona aibu ambayo sijaisahau mpaka leo.

Usiku nilifikiri. Kumpa Frymet viazi vyangu ilikuwa sawa, lakini foleni ilikuwa na watu mia mbili, na wote walikuwa na njaa. Jumatano nilipofika mbele ya pipa, nikalificha bakuli nyuma yangu.

"Shangazi, koroga kwanza."

Alinikazia macho. "Lete bakuli, usinitie aibu," alisema kwa sauti ya chini. "Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe."

"Frymet anakufa, Shangazi. Koroga."

Nilijua kwamba watu wakimshtaki atapoteza kazi, na sote wawili tutakufa njaa. Mama mmoja mzee nyuma yangu akasema, "Koroga, Rojza. Hata mwanangu alikuwa na shangazi, ila shangazi yake hakuwa na upawa."

Hakuna aliyecheka. Shangazi uso ulimwiva, akaushika upawa kwa mikono miwili, akakoroga pipa kutoka chini mpaka juu. Nilipata kipande kimoja cha kiazi. Frymet naye alipata kimoja, nikamwongezea changu. Alhamisi tulifanya vivyo hivyo.

Ijumaa wakaguzi walipoingia, Frymet alijifinya mashavu yawe mekundu, akasimama, mkono mmoja umeng'ang'ania ukingo wa meza. Walimpita. Jina lake likabaki kwenye orodha.

Jioni nilitembea na Shangazi kurudi nyumbani. Tulivuka daraja la mbao.

"Umenikasirikia?" nikamuuliza.

"Nilikasirika. Nilijiambia kuwa Wajerumani ndio wanaoua watu kwa njaa, mimi ninaokoa tu mtoto wa kaka yangu." Alisimama, akafuta uso kwa ncha ya kitambaa chake. "Wewe mtoto umeniona vizuri kuliko nilivyojiona. Njaa wametuletea wao, Hinda. Lakini upawa ulikuwa mkononi mwangu."