Picha ya Gauni la Kijani

"Huyo mchumba wako, una hakika yuko huko anakosema?" Ndivyo jirani alivyomuuliza fundi cherehani siku moja, wakianika nguo.

Fundi cherehani alicheka, akamwonyesha simu. Kila picha aliyotumiwa, ukiigusa, inakuambia ilipigwa wapi na lini. Mambo hayo alifundishwa na mchumba mwenyewe, mtengenezaji wa programu za simu, siku walipokutana kwenye foleni ya benki. Mwanamke alikuwa amevaa gauni la kijani la mkono wake mwenyewe, kijana akaomba alipige picha, eti amwonyeshe dada yake. "Picha ina siri tumboni, mrembo," alimwambia. "Hata ukinikimbia, itanikumbusha nilikuona wapi." Jioni hiyohiyo akampigia simu.

Basi kila alipokwenda safari za kazi alituma picha, na mwanamke akalala usingizi mnono. Wazazi walishakubaliana.

Kijana aliporudi safari ya mwisho, walikaa sebuleni kwa dada yake. Mwanamke akawa anapekua picha kwenye simu ya mchumba wake, mara akamwona amekaa bega kwa bega na mke aliyeachana naye. Tarehe ilikuwa ya juzi.

Mwanaume hakukasirika. Alieleza kwamba picha ni ya zamani. Juzi aliitumia kujaribu programu mpya anayoitengeneza, nayo ina kasoro, ukihifadhi picha inafuta tarehe ya kweli na kuandika ya siku hiyo.

"Kumbe. Na mimi ni wa kuambiwa tu."

"Usiambiwe, mpenzi. Tazama."

Akafungua picha ya gauni la kijani, akaandika kidogo. Simu ikasema ilipigwa ng'ambo, kabla hawajajuana. Akacheka kwa nafuu, kama mtu aliyetua mzigo. "Umeona? Naandika nitakalo."

Mwanamke aliichukua simu mkononi mwake.

"Na zile za safarini?"

"Zile sikuzigusa."

"Ungezigusa, ningejuaje?"

Mungu ni shahidi, hakugusa hata moja. Lakini alitafuta jibu lililo nje ya simu, hakulipata. Hakuwahi kumpa mwenzake kitu kingine cha kumwaminia.

"Wifi, keti kwanza," dada mtu alisihi.

Mwanamke aliilaza simu kifudifudi mezani, akavaa viatu vyake mlangoni, akatoka.