Chupa ya Tisa

"Mnara, hapa Mkonge. Ninamwona."

"Sema."

"Bedford ya kijani. Imebakiza maili mbili kufika Pongwe. Anaendesha mwenyewe."

"Na msichana?"

"Mbele hayupo."

Redio ilikwaruza. Kisha sauti ya Mkuu ikarudi, kavu, sauti ya mtu aliyekaa kivulini na kikombe cha chai mezani.

"Mawe kwanza, Mkonge. Msichana baadaye."

Uweso akaizima redio.

Ilikuwa saa nne asubuhi, mwezi Machi, mwaka 1956. Land Rover ilikuwa ikiruka juu ya makorongo ya barabara ya Muheza, na vumbi jekundu la lori la mbele lilikuwa linamjaa mdomoni. Alikuwa akilitafuna na kulitema.

Kwa miezi sita watu wa Usagara, mtaa wa Tanga, walimjua Uweso kama fundi wa betri, mtu mpole ambaye hakuwa na suruali isiyo na matundu. Maji ya betri yalikuwa yamezila zote. Hawakujua kuwa chini ya benchi lake palikuwa na bastola ya Walther PPK na kamera ya Minox ndogo kama kidole. Idara iliyomwajiri haikuwa na kibao mlangoni.

Almasi za Shinyanga zilikuwa zinavuja, na aliyekuwa akizivujisha ni Verhagen. Hilo lilikuwa jina lake la mwaka huo. Alikuwa na ghala Muheza, na kila mwezi alirudisha Ulaya shehena ya asidi "iliyoharibika", chupa kubwa za kioo, kila chupa ndani ya kasha la mbao lililoshindiliwa nyasi kavu. Afisa gani wa forodha angetia mkono humo? Waligonga kasha, wakatia sahihi, wakaenda zao kunywa kahawa.

Aliyegundua ni Praxeda, karani wa ghala lile lile.

Alipiga simu saa moja asubuhi. "Ya tisa," alisema haraka. "Mawe yamo kwenye chupa ya tisa. Meli inaondoka saa nane mchana." Kikasikika kishindo, na simu ikafa. Uweso alipofika Muheza alikuta kiti kimepinduliwa na miwani ya Praxeda imekanyagwa sakafuni.

Yeye ndiye aliyemwingiza Praxeda katika kazi hii. Alimwambia ni kazi ya kutazama tu, haina madhara. Alisema uongo huo huku akimtazama machoni, na sasa ulikuwa unamchoma kuliko asidi yoyote aliyowahi kuimwaga.

Bedford ikafika kwenye kona ya Pongwe, ikapunguza mwendo.

Uweso akatoa mkono wenye bastola dirishani. Alijua lori limebeba nini. Alijua kando ya kona wapo watu. Akapiga hata hivyo.

Risasi ya kwanza ikapita. Ya pili ikapasua tairi.

Lori likayumba, likapanda ukingo, likalala ubavu kwa kishindo kilichofuatwa na mlio mrefu wa vioo kupasuka. Makasha yakamwagika mtaroni. Yale yaliyokuwa yamefungwa kamba yakabaki ndani ya lori, yamelaliana. Nyasi za kupakilia zikageuka nyeusi zenyewe, bila kibiriti, na moshi mweupe ukaanza kupanda.

Verhagen akatambaa kutoka dirishani. Paji la uso lilikuwa linavuja damu, lakini akili yake ilikuwa timamu. Aliwaona vibarua wa shamba la mkonge wakija mbio, akawaona na wanawake wa kwenye matanuru ya chokaa. Akapanua mdomo.

"Moto! Moto! Leta maji! Upesi!"

Alijua anachokifanya, mwanaharamu yule. Nani atasikia moto, aone moshi, asilete maji?

Walikuja na madebe. Wa mbele alikuwa kibarua mmoja, Ernesti, mwenye kifua kipana na moyo mwepesi wa kusaidia. Uweso alimpigia kelele. Ernesti hakusikia. Akalitupa debe zima la maji juu ya asidi.

Dimbwi likalipuka.

Lilichemka papo hapo na kuruka juu, na mvua ile ikamwangukia Ernesti usoni. Sauti aliyoitoa haikuwa na maneno ndani yake.

Uweso akapiga risasi hewani. Watu wakaganda.

"Maji chini! Si moto huu, ni asidi! Ukiimwagia maji inakurukia!" Akamvuta Ernesti kwa ukosi, akanyakua debe la mtu wa pili, akamwaga lote usoni mwake. "Lakini mtu aliyeungua, mwagieni! Mwagieni mpaka niseme basi! Wengine piteni huku upepo unakotoka. Msiuvute moshi huo."

Mama mmoja mnene, kanga imefungwa kiunoni na mikono myeupe kwa vumbi mpaka viwikoni, alikuwa amesimama hatua chache akimtazama kama anayetazama mwendawazimu. Ndiye Bi Mwanamkasi, mwenye matanuru.

"Shikamoo, bibi. Nataka chokaa."

"Marahaba. Iliyozimwa kwa maji au mbichi?"

"Iliyozimwa. Mbichi itatulipua."

"Hilo najua, mwanangu, nimezaliwa tanuruni. Magunia mangapi?"

"Magunia yote. Mtaro huu unaishia wapi?"

Bi Mwanamkasi akageuka kutazama mteremko, na uso wake ukabadilika. "Kisimani. Kisima cha kambi ya vibarua. Yarabi, watoto wote wale!"

Hakungoja kuambiwa. Alianza kuwatukana watu wake kwa majina, mmoja mmoja, na kila aliyetukanwa alikimbia. Magunia yakaja mgongoni. Wenye majembe wakakata tuta la udongo chini ya mtaro, wenye chokaa wakaimwaga mbele ya ile asidi iliyokuwa ikitambaa taratibu. Vilipokutana, vilifoka na kutoa povu na joto kali, kisha vikatulia, uji mweupe tu. Gunia baada ya gunia. Uweso alibeba sawa na wao, bastola kiunoni, macho yakitafuta moshini.

Verhagen alikuwa wapi?

"Wewe. Simama hapo hapo."

Alikuwa nyuma yake. Buti za mpira mpaka magotini, glavu za mpira mpaka viwikoni, na bastola ya Luger mkononi. Uweso alikuwa amekumbatia gunia la chokaa kwa mikono miwili.

"Toa bastola. Vidole viwili. Tupa."

Uweso akatupa.

Verhagen akatabasamu. Wakati watu wanaokoa kisima, yeye aliingia moshini, akaivunja chupa ya tisa kwa mpini wa jeki, na kuokota kibweta cha almasi, cha madini ya risasi, kilichokuwa kimezama ndani yake. Risasi hailiwi na asidi ile. Alikifuta kwenye glavu mara moja, akakitia mfuko wa suruali.

Haraka hiyo ndiyo iliyommaliza. Suruali yake ilikuwa ya khaki, pamba tupu.

"Ufunguo wa gari," alisema.

"Umo garini."

"Rudi nyuma. Nyote rudi nyuma!"

Uweso alitazama ule mfuko. Kitambaa kilikuwa kimeanza kugeuka kahawia. Asidi kali haiumi mara moja. Kwanza inateleza, unadhani umejipaka mafuta ya nazi. Uweso alilijua hilo kwa ngozi yake mwenyewe, na alijua imebaki kama nusu dakika. Akaweka gunia chini polepole.

"Praxeda yuko wapi?"

"Yuko safarini." Verhagen alicheka. "Wewe chelewa sana, fundi."

"Amefika wapi?"

"Ng'ambo ya..."

Hakumaliza. Akatazama paja lake. Kitambaa kilikuwa kimefunguka, na kilichokuwa chini yake hakikuwa na rangi ya ngozi tena. Luger ikaanguka. Verhagen akaanguka baada yake, akishika paja kwa glavu zile zile zilizolowa asidi, akijipaka zaidi.

"Maji! Leta maji!"

Yalikuwa yamebaki madebe matatu. Bi Mwanamkasi alikuwa ameshalinyanyua moja.

"Ngoja, bibi," Uweso alisema.

"Mwanangu, anaungua."

"Naona."

Akalichukua debe, akachuchumaa mbele ya Verhagen, debe katikati yao. Maji yalikuwa safi. Yalimetameta.

"Praxeda yuko wapi?"

"Amekufa! Maji!"

Uweso akalilaza debe kidogo. Maji yakamwagika mchangani, karibu sana na mguu wa Verhagen bila kumgusa.

"Yuko wapi?"

"Bandarini! Ghalani!"

Maji yakamwagika tena. Mwanamke mmoja akaanza kulia. Ernesti, macho yamefungwa kwa kanga iliyolowa, aliuliza ni nani anayepiga kelele vile.

Debe la kwanza likaisha. Uweso akavuta la pili.

"Humo!" Verhagen alinyoosha mkono. "Humo ndani! Kasha la mwisho. Vipuri. Imeandikwa vipuri!"

Uweso hakuelewa. Kisha akaufuata mkono ule kwa macho.

Ulikuwa unaonyesha lori.

Alimvua Verhagen buti na glavu kwa nguvu, akazivaa, akajifunga kanga ya mtu puani, akaingia. Nyuma yake Bi Mwanamkasi alirusha chokaa kwa makoleo, akimtengenezea njia.

Kasha lilikuwa chini ya mengine, limelala juu ya mbao zilizokwisha kuwa nyeusi. Lilikuwa na matundu ya hewa. Alilivunja kwa ule mpini wa jeki wa Verhagen.

Praxeda alikuwa amefungwa kamba mikononi, kitambaa mdomoni. Alikuwa hai. Mkono wa kushoto na mgongo wote vilikuwa vimelalia ubao uliolowa.

Alimtoa nje mikononi. Wanawake wakamchana gauni, wakamwagia maji, debe la pili lote, na la tatu wakalimimina taratibu, wakiwatuma wengine mbio kisimani kuleta mengine. Kisima kilikuwa salama. Uweso alimtoa kitambaa mdomoni.

"Uliahidi!" Verhagen alilia mchangani. "Uliahidi maji!"

"Sikuahidi," Uweso alisema bila kugeuka. "Niliuliza."

"Na huyu tumfanyeje?" Bi Mwanamkasi aliuliza.

"Yakija mengine, Ernesti kwanza. Huyo mwisho, kama yatabaki."

Praxeda alikuwa anamtafuta kwa macho. Bila miwani hakuona mbali.

"Uweso?"

"Ni mimi."

"Ni wewe uliyepiga risasi?"

Angeweza kusema uongo. Alikuwa na kipaji hicho.

"Ni mimi."

"Niliisikia," Praxeda alisema. Meno yalikuwa yanagongana. "Nilijua ni wewe. Nikafurahi."

Uweso alisimama. Wakamlaza Praxeda kifudifudi juu ya magunia matupu nyuma ya Land Rover, Ernesti akaketi kando yake na mwanamke mwenye debe. Redio ilikuwa inakwaruza alipoiwasha.

"Mkonge! Jibu! Mawe?"

"Yapo."

"Yako wapi?"

"Mfukoni mwa Verhagen, kona ya Pongwe. Mfuko umeshikana na paja. Anayeyataka aje ayabandue mwenyewe."

"Mkonge, baki hapo ulipo, hiyo ni am..."

Akaikata. Akaokota Walther yake, akaifuta chokaa, akaingia garini na kushika barabara ya Tanga kuelekea hospitali. Aliendesha polepole, kwa sababu kila shimo lilimfanya Praxeda alie, na barabara ile ilikuwa na mashimo mengi.