Mama Ana Volti Ngapi?

Punda alikuwa akijiendesha kwenye matope ya Bahi, usukani ukizunguka pasipo mkono wa mtu, huku akipiga soga. Alikuwa gari-fahamu, gari la porini lenye akili yake, na kwa miaka tisa hakuna aliyemgusa nyaya isipokuwa Fundi Semeni.

"Mama kumi na mbili nukta saba. Mtoto kumi na mbili nukta sita," alisoma volti. "Fundi, leo umefunga nyaya vizuri. Umemwogopa nesi aliye nyuma?"

"Ndiyo maana wakasema shukrani ya punda mateke," Semeni alimjibu. "Tazama njia!"

Mama na mtoto ni lugha ya gereji. Betri kubwa, iliyolisha akili ya gari, ndiyo mama. Ya pili, aliyoiongeza Semeni wiki ile, mtoto. Hata kwenye geji aliandika hivyo kwa rangi nyeupe. Kati ya hizo mbili akafunga kisukuma-umeme, cha kuhamisha chaji, kwa sharti moja: injini ikizimika, kila betri ijitegemee. Maana mama akishuka chini ya kumi na nusu, kumbukumbu zote za Punda zinafutika.

Nyuma, Nesi Leokadia alikuwa ameshikilia kasha-joto. Ndani mlilala kichanga wa mimba ya miezi saba, aliyezaliwa alfajiri hiyo, anapelekwa hospitali Dodoma. Kasha lilitumia betri ya mtoto.

Saa nane mchana wakazama. Injini ikameza maji, ikazima. Mawingu yalikuwa mazito, paneli za juu haziingizi kitu. Dereva wa trekta la uokoaji alisema kwa simu atafika baada ya muda wa saa tatu.

"Mtoto kumi na moja nukta mbili," Punda alisema. "Kasha litazima ndani ya saa moja."

Semeni alijua la kufanya. Tusimseme vibaya: kidole kilifika kwenye swichi ya kisukuma-umeme, kikarudi. Tangu amzike mumewe, Punda ndiye aliyemtania, ndiye aliyemkumbusha vidonge vya presha. Alimpenda, basi.

"Dada Semeni," nesi alisihi, "fanya kitu, kichanga atapoa!"

"Fundi," Punda alisema polepole, "umeandika mwenyewe hapa: mama. Mama gani anashiba mwanawe ana njaa?"

Hakuwahi kuvunja sharti la fundi. Siku hiyo alilivunja. Kisukuma-umeme kililia ta! Mshale wa mtoto ukapanda, wa mama ukaanza kushuka, na Semeni akalia waziwazi.

"Usilie. Leo punda anashukuru bila ma…"

Sauti ikakatika hapo.

Kichanga alifika Dodoma akiwa hai. Kesho yake Semeni alikausha injini, akachaji betri zote mbili, akawasha.

"Habari, mtumiaji," ilisema sauti ngeni. "Betri namba moja: kumi na mbili nukta saba."

"Siyo namba moja." Semeni alifuta tope kwenye ile rangi nyeupe. "Huyo ni mama. Sema mama."

"Mama," gari likarudia. "Na namba mbili?"

"Mtoto," Semeni alisema. "Hajambo. Ameanza kunyonya."