Daftari la Papa Jovial

Cédrick alikuwa fundi wa kompyuta, na yeye alimwona kila asiyekuwa fundi kuwa punguani. Asubuhi ile aliitwa kwenye dispensari moja ndogo ya mtaa wa Kataki. Akina mama saba walikuwa wamekaa kwenye benchi na watoto wao, wakingoja hati za kuzaliwa. Masomo yangeanza Jumatatu, na bila hati mtoto haandikishwi.

Kompyuta ilikuwa ya Linux. Daftari la vizazi lilifunguka ndani ya kivinjari, kwa kiongezi cha zamani, kijiprogramu cha kukisaidia kivinjari. Mistari ipo, visanduku vipo. Maneno, hakuna hata moja.

"Papa Jovial njo alitengeneza hii daftari," Mama Ketsia, muuguzi mkuu, alinong'ona. "Tangu tumuzike, maandiko yamekwenda. Papa fundi, piga hodi kwanza. Njo vile alikuwa anataka."

"Nimupigie hodi muntu wa kaburini?" Cédrick alicheka kwa nguvu ili benchi nzima isikie. "Mama, kunakosa fonti tu. Kiongezi kinatafuta herufi zenye mashini haina. Huyo Papa wenu alikuwa fundi wa kubahatisha."

Akapakia fonti kutoka kwenye flashi yake, akafunga kivinjari, akakifungua tena. Majina yakajaa kwenye kioo. Akina mama wakapiga vigelegele. Cédrick hakuwatazama, wajinga hushangilia chochote.

Kisha, kwenye kisanduku cha kutafutia, herufi zikaanza kujiandika.

NANI HUYO?

Akachomoa kibodi.

NANI HUYO KWANGU?

"Kirusi hicho," alisema.

Mama Ketsia alirudi nyuma hadi ukutani. "Piga hodi, Papa fundi, nakuomba."

"Wafu hawana biro ya kupigia hodi, Mama."

Daftari likaanza kushuka lenyewe. Mwaka kwa mwaka. Likasimama mwaka aliozaliwa Cédrick, maana alizaliwa dispensari hiyo hiyo. Akaliona jina lake. Likaanza kufutika. Herufi ya mwisho kwanza. Taratibu.

Aling'oa waya wa umeme. Kioo kikawa cheusi. Akaitazama kadi ya kazi iliyoning'inia shingoni mwake.

Picha ipo. Muhuri upo. Maneno hakuna.

Alikimbia hadi sokoni kwa Abdoul-Karim, mchapaji wa kadi, rafiki yake tangu shule. Abdoul-Karim akachapa mara tatu. Mara tatu ikatoka picha peke yake.

"Pengine kunakosa fonti," alisema, akichukua kalamu. "Niandike kwa mukono. Jina lako nani, Papa?"

Hakuwa akitania.

Cédrick alifungua kinywa. Midomo ikacheza. Akangoja jina lije. Halikuja.

Mchana huo Mama Ketsia alirudisha umeme, akapiga hodi, na akina mama wote saba wakapewa hati zao, safi kabisa. Yule fundi bado yupo mjini. Hamcheki mtu tena. Huwatazama watu midomoni, kama anayengoja kuitwa. Hilo jina la Cédrick tumempa sisi watu wa mjini, apate pa kuitikia.

Kadi zile tatu Abdoul-Karim amezifungia sandukuni. Kwa macho zina picha tu. Ukipitisha kidole, unagusa maandishi yaliyochimbwa, yasiyosomeka, majina ya watu wengi, si la mmoja tu.

Na kila mwezi yanaongezeka.