Sabufa Kutoka Shelui

Kilichomkera Ritha kwanza kilikuwa kwaya.

Ilikuwa Jumapili mchana. Ametoka kanisani, ameinjika maharage, akachomeka flashi kwenye sabufa mpya ili asikilize nyimbo huku akipiga pasi nguo alizowashonea watu. Wanaume wakaanza kuimba. Mdundo ukatikisa vikombe kabatini. Pale wanawake walipotakiwa kupokea, hawakupokea. Wanaume wakanyamaza kama wanaowangoja wenzao, kisha wakaendelea peke yao.

Ritha akaweka pasi chini. Wimbo ule aliujua. Yeye mwenyewe alikuwa sauti ya kwanza siku uliporekodiwa.

"Derick! Hili takataka lako halitoi sauti za wanawake."

"Setingi hizo," mumewe alijibu kutoka uani. "Punguza besi."

Alipunguza besi. Alipunguza mpaka mwisho. Wanaume waliendelea kuimba peke yao.

Hasira aliyokuwa nayo Ritha siku ile haikuwa ya wimbo tu. Walikuwa wamekubaliana. Wanaishi Mandewa, chumba na sebule, na sebule yenyewe ukinyoosha miguu kwenye kochi unagusa runinga. Walikwenda dukani mjini pamoja, yeye, Derick na binti yao Kati, na muuzaji akawawashia sabufa mbili. Ile kubwa ilinguruma mpaka Kati akaziba masikio. Ile ndogo ilitoa mdundo wa kutosha, na kwenye filamu kila neno lilisikika, hata mtu akinong'ona.

"Kwa sebule ndogo chukueni hii," muuzaji alisema. "Besi kubwa kwenye chumba kidogo inagonga kuta inarudi, inameza maneno. Mtabaki mnasikia milipuko tu."

Ritha akasema hiyohiyo. Derick akasema sawa, tutaifuata Jumamosi. Jumamosi ikafika, Derick akapanda lori kwenda Shelui kumsalimia kaka yake Zefania, akarudi na sanduku jeusi lenye ukubwa wa jokofu dogo, spika mbele kama mdomo wa mtungi. Lilikuwa likipiga muziki kwenye grosari ya Zefania, anapouza pombe. Kaka kampa bure.

"Tulikubaliana nini?" Ritha alimuuliza.

"Mwanaume hawezi kuwa na kisabufa kama redio ya bibi."

Basi. Sanduku likakaa sebuleni, meza ya cherehani ikahamia chumbani, na Ritha akawa anashonea kitandani.

Baada ya ile kwaya ikaja filamu. Jioni walikaa kuangalia, na kila mwanamke aliyefungua mdomo kwenye runinga alikuwa bubu. Mwanaume anasema, mwanamke anachezesha midomo, mwanaume anajibu. Derick alicheka, akasema afadhali. Ritha hakucheka. Alikuwa amesikia harufu, harufu ya pombe iliyochacha na nywele zilizoungua, na ilikuwa inatoka kwenye lile tundu la spika.

Kesho yake alichomoa waya ukutani, akauviringisha, akaufungia kabatini. Alikuwa akikata kitambaa chumbani aliposikia ngurumo ndogo upande wa pili wa pazia. Mmm. Inatulia. Mmm. Kama ng'ombe anayetafuna. Alichungulia. Hakuna taa iliyowaka kwenye lile sanduku, waya ulikuwa kabatini, lakini kitambaa cheusi cha spika kilikuwa kinaingia ndani na kutoka, kinaingia na kutoka, na Kati alikuwa amechuchumaa mbele yake, ameliwekea sikio.

"Kati, toka hapo!"

Ndivyo alivyosema. Aliusikia ulimi wake ukisema, akausikia mfupa wa koo ukipanda, ila sauti haikutoka. Akaita tena, akaita kwa nguvu zake zote mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, na kadiri alivyoita ndivyo ile ngurumo ilivyonenepa, kana kwamba kila neno alilolitoa lilikuwa linadakwa hewani kabla halijafika popote. Akamrukia mtoto akambeba mpaka nje barabarani. Hapo nje sauti yake ikamrudia, kavu na ya kukwaruza.

"Kati! Mwanangu! Ulikuwa unafanya nini?"

Kati alifungua mdomo kumjibu. Hakikutoka kitu. Alijaribu tena. Machozi yakamtoka, akilia wazi kabisa, bila mlio hata mmoja.

Hospitali walimmulika koo wakasema ni zima. Walimpa dawa ya maji. Derick alisema mtoto ana mafua, atapona. Ni jirani aliyemshika Ritha mkono akamwambia, "Mwenzangu, hayo si mafua," akaenda kumwita Mama Hana.

Mama Hana aliuza maziwa asubuhi na kutoa majini mchana, na kazi zote mbili alizifanya kwa haraka na bila maneno matamu. Aliingia sebuleni, akanusa, akafungua mdomo aanze dua. Ritha aliona midomo ikichezacheza na macho ya yule mama yakipanuka. Kisha Mama Hana akageuka akatoka nje mbiombio, hakusimama mpaka alipovuka mtaro.

"Ndani humo siongei," alisema akihema. "Litanila na mimi. Hilo sanduku limetoka wapi?"

"Kwa shemeji yangu. Shelui."

"Sikiliza, mama. Barabarani kuna majini mengi yana njaa, yanapita tu, hayadhuru mtu. Hili limepikiwa. Kuna mwanamke alikuwa analia, na kila akilia mtu anafungulia muziki ili asisikike. Leo, kesho, keshokutwa. Jini likaona hapa kuna chakula, likahamia. Sasa limeshazoea sauti za wanawake, halitaki kingine."

"Litoe! Mwanangu je?"

"Nikilifukuza mimi litaondoka na sauti ya mtoto tumboni. Aliyemezwa kwanza ndiye mwenye haki ya kulidai. Mtafute. Na umpelekee hilo sanduku lake."

Derick aliporudi kutoka kazini kwenye mashine ya kukamua alizeti alimkuta Ritha amesimama nje mlangoni, Kati amejibana kwenye kanga yake.

"Nani alikuwa analia Shelui?"

"Kulia kwa nini?"

"Derick. Nani alikuwa analia?"

Aliangalia chini, akasugua mafuta mikononi. "Unamjua kaka akinywa."

"Mkewe, Yunisi? Si mlisema ana kifafa? Si mlisema anaanguka, ndiyo maana akarudishwa kwao Kinampanda?"

"Ndivyo kaka alivyosema tuseme."

"Na wewe ulijua."

"Shelui nzima ilijua! Muziki ukiongezeka tulikuwa tunasema, leo Zefa yuko kazini. Tunacheka. Ni utani tu wa wanaume, Ritha. Ni mambo ya ndani kwao, ningefanya nini?"

Ritha aliingia ndani. Alitaka kumtukana hapohapo kwenye sebule yake, kwenye nyumba yake, alikuwa na maneno ya kumtosha mpaka kufa kwake, na yote alipoyatoa lile sanduku liliyanyonya moja baada ya jingine, likanguruma kwa shibe, na ndani ya nyumba ile ikabaki sauti moja tu, sauti ya Derick, ikisema tulia, tulia mke wangu, tulia. Ndipo alipolikumbatia lile sanduku. Lilikuwa la moto kama ubavu wa mnyama. Akaliburuta. Likapasua sakafu, likang'oa ubao wa mlango, naye akaliburuta mpaka nje, na Derick aliposogea kumzuia, Ritha akamtazama kwa jicho ambalo lilimrudisha nyuma hatua kadhaa.

Asubuhi alipanda Noah ya abiria ya kwenda Kiomboi na mwanawe, sanduku limefunikwa turubai na kufungwa kamba nyuma. Wakashuka Kinampanda.

Yunisi alikuwa nyumbani kwa wazazi wake, amekaa chini anapiga alizeti kwa fimbo. Amekonda. Nyusi moja ilikuwa imeshonwa vibaya. Baba yake, mzee Antipasi, alitoka na kiti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Ila huyu mwenzio haongei. Tangu amerudi hajasema neno. Ugonjwa ule wa kuanguka umempanda kichwani. Mume alimvumilia sana. Mimi mwenyewe nilikuwa namrudisha kwa mkono wangu kila akikimbia, namwambia vumilia, mwenzio anakuuguza."

Ritha alikata kamba, akaondoa turubai.

Yunisi aliliona sanduku. Fimbo ikamponyoka.

Hapakuwa na umeme kwenye boma lile, wala nguzo karibu, na jua lilikuwa utosini, lakini sanduku liliona mlo wake wa kwanza umekaa mbele yake, likaanza kunguruma, taratibu kwanza, kisha kwa nguvu, mpaka alizeti zilizotawanyika chini zikaanza kurukaruka kama mvua inayonyesha kutoka chini, na mama yake Yunisi akatoka jikoni akipiga yowe lisilosikika, na wanawake waliokuwa wakipita na ndoo wakasimama wakaitana na hakuna aliyemsikia mwenzake, na ile harufu ya pombe na nywele zilizoungua ikajaa uani mpaka Kati akatapika, na katikati ya hayo yote mzee Antipasi peke yake ndiye aliyekuwa na sauti, akiuliza kuna nini, jamani, kuna nini.

Yunisi alinyanyuka. Ritha alidhani atakimbia. Alikwenda kwenye kinu, akachomoa mchi, akarudi nao begani.

Pigo la kwanza lilipasua ubao. Sanduku likaunguruma kama simba aliyebanwa mkia. Pigo la pili lilizama kwenye tundu la spika, na mchi ukanata, ukavutwa ndani kana kwamba kuna mtu ameushika upande wa pili. Yunisi akavuta. Ritha akaudaka mchi akavuta naye, mama mtu akaja, wale wa ndoo wakaja, wakauvuta kwa pamoja bila mtu kusema neno, wakauchomoa, wakaunyanyua na kuushusha wote kwa mara moja.

Sanduku likafunguka. Na sauti zikatoka.

Kwanza alitoka Yunisi. Kilio chake cha kila siku kwenye ile grosari, chote, kikamwagika uani kwa mkupuo: Zefania usinipige, Zefania mkono wangu, Zefania nimekukosea nini, jamani majirani, jamani majirani, baba njoo, baba njoo unichukue. Watu walitoka mashambani kusikiliza. Mbuzi walikata kamba. Kilio kiliendelea kitambo kirefu, na hakuna aliyeweza kuziba masikio, kwa sababu ukiziba kilikuwa kinasikika vilevile. Zikafuata sauti za wanakwaya, wanawake wa kwenye filamu, matusi yote ambayo Ritha alimtukana mumewe, na mwisho kabisa sauti ndogo nyembamba ikasema, "Mama, ndani humu kuna mtu anakula."

"Mama," Kati akasema kwa mdomo wake mwenyewe, na Ritha akakaa chini kwenye alizeti akamkumbatia.

Ndani ya sanduku hapakuwa na sumaku wala waya. Palikuwa patupu, pakavu, pameng'aa kama sufuria iliyolambwa. Kitu kama upepo wa moto kiliwapita miguuni kikaelekea magharibi, upande wa Shelui, na nyasi zikalala njia yote kilipopita.

Mzee Antipasi alikuwa ameshika kichwa. "Mwanangu," alisema. "Sikujua."

Yunisi aliweka mchi chini. Akajaribu koo lake kwanza, kama mtu anayejaribu mguu uliovunjika.

"Nilikuambia, baba. Kila nilipokuja nilikuambia, kabla hili halijanimeza. Ukanishika mkono ukanirudisha."

Yunisi akainama, akaanza kukusanya alizeti zake.

Siku iliyofuata Derick alifika Kinampanda na pikipiki, uso umemshuka. Hakuuliza habari ya mtoto. Alisema kaka ni mgonjwa, twende ukamwone, labda yule Mama Hana wako atamsaidia. Ritha alimwacha Kati kwa Yunisi. Alikwenda, si kwa ajili ya kusaidia.

Grosari ya Zefania ilikuwa wazi lakini hapakuwa na mteja. Madereva wa malori walikuwa wamesimama ng'ambo ya barabara wakitazama. Zefania alikuwa amekaa nyuma ya kaunta, mikono ameikunja magotini, jasho linamtiririka. Alipomwona mdogo wake alifungua mdomo, na humo ikatoka ngurumo. Mmm. Chupa zikagongana kwenye shelfu. Kifua chake kilikuwa kinaingia ndani na kutoka, kinaingia na kutoka. Alitaka kufunga mdomo, akashika taya kwa mikono yote miwili, mdomo ukamshinda.

"Hivyohivyo tangu jana mchana," Derick alinong'ona. "Hanyamazi. Anavuma tu kama injini."

Lakini Ritha alikuwa anasikia maneno. Na alipowatazama wanawake wawili wanaouza vitumbua mlangoni, akaona kwamba na wao wanasikia, kwa jinsi walivyoacha kazi na kusimama, nyuso zimekaza. Zefania alikuwa anasimulia. Kila kipigo, kwa sauti yake mwenyewe, siku gani na kwa kitu gani na Yunisi alisema nini, na nani alikuwa amekaa nje akinywa wakati ule, na nani alicheka.

"Anasema nini?" Derick aliuliza. Alikuwa ameona macho yao. "Ritha, mbona mnamsikiliza hivyo? Kuna kitu anasema?"

"Anasema."

"Anasema nini?"

Ritha akajifunga kanga vizuri, akavuta kiti, akaketi karibu zaidi na kaunta.

"Nyamaza," alimwambia. "Ndiyo kwanza amefika kwako."